Artemisia Ipi? Mimea ya Kichina Inayofanana na Dawa Iliyo Ndani Yake

Nakala ya mazungumzo ya afya kwa wakazi



Mvua za masika zikishika, mbu huongezeka na malaria huongezeka nao. Ni msimu huohuo ambapo pakiti za majani makavu huonekana sokoni, kwenye steji za matatu na hata nje ya nyumba za ibada, zikiuzwa kwa jina la "artemisia" kuwa kinga na tiba ya malaria. Muuzaji husema kwamba dawa inayotolewa zahanati ilitoka kwenye mmea huo, na katika hilo hadanganyi. Swali ambalo mnunuzi haulizi ni hili: artemisia ipi? Jina hilo si la mmea mmoja. Ni jina la ukoo wenye mamia ya aina, ule ambao Kiswahili kinauita pakanga, unaojulikana kwa uchungu wake. Nyingi katika hizo zinafanana kwa majani, kwa harufu na kwa uchungu. Inayotoa dawa ya malaria kwa kiasi cha maana ni moja.

Wachina ndio walioitoa dawa hiyo kwenye majani, na swali hilohilo liliwasumbua kwa karne nyingi kabla ya kupata jibu. Inafaa kulifuata tangu mwanzo.

Katika karne ya 4 aliishi China mwanazuoni aitwaye Ge Hong. Aliandika kitabu cha tiba za dharura, kidogo kiasi cha kubebwa kwenye mkono wa joho. Miongoni mwa tiba za homa za vipindi aliweka moja inayotumia mmea uitwao qinghao: mtu achukue konzi moja, auloweke kwa maji, aukamue na kunywa maji yake. Hakusema popote kwamba uchemshwe.

Tatizo lilikuwa katika jina. Qinghao maana yake ni "hao ya kijani", na hao ni jina la jumla la mimea ya ukoo huo wa pakanga. Katika karne ya 11 Shen Kuo, mtu mwenye jicho kali la kutazama vitu vya asili, aliandika kwamba kuna aina mbili zinazoitwa hivyo. Majira ya baridi yakikaribia, moja hugeuka njano kama mimea mingine, na ya pili hubaki kijani na kunukia. Yeye alipendekeza ile ya kijani. Karne tano baadaye Li Shizhen, katika kitabu chake kikubwa cha mimea ya dawa kilichochapishwa mwaka 1596, aliitenganisha kabisa: qinghao upande mmoja, na "hao ya maua ya njano" upande mwingine. Wataalamu wa mimea wa leo wanailinganisha ile ya kijani na Artemisia carvifolia, ambayo vitabu vingine huiita Artemisia apiacea, na ile ya maua ya njano na Artemisia annua.

Dawa imo katika ile ya pili. Mtu aliyeshika vitabu hivyo barabara, akachagua mmea uliosifiwa zaidi, angeweza kurudi nyumbani na ule usiofaa.

Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, na mradi ukaitwa 523 kwa sababu ya tarehe hiyo. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na wanajeshi wa upande wa kaskazini walikuwa wakiuawa na malaria iliyokwisha kuzoea klorokwini. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtaalamu wa dawa jijini Beijing, alipewa kuongoza kikundi cha kutafuta dawa hiyo katika tiba za jadi. Kikundi chake kilipitia tiba zaidi ya 2,000, kikachuja 640, kisha kikajaribu dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200. Dondoo la qinghao lilionyesha dalili nzuri mara moja, kisha likashindwa, kisha likafaulu nusunusu. Kwa mtafiti hakuna jambo linalochosha kama dawa inayofanya kazi Jumatatu na kukataa Alhamisi.

Tu alirudi kwenye kitabu cha Ge Hong na kuona kwamba mmea ulilowekwa, haukupikwa. Huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Akabadilisha njia, akatumia etha, kimiminiko kinachochemka kwa joto dogo kuliko la mwili wa binadamu. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote vya malaria katika panya waliojaribiwa. Mwaka uliofuata kiini chenyewe kilitengwa kikiwa fuwele nyeupe. Wachina walikiita qinghaosu, yaani kiini cha qinghao, na dunia inakijua kwa jina la artemisinini. Mwaka 2015 Tu alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Joto, hata hivyo, lilikuwa nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili ilikuwa mmea wenyewe. Chini ya jina qinghao kulikuwa na aina kadhaa za ukoo mmoja, na ni Artemisia annua pekee iliyobeba kiini kile kwa kiasi cha kutibu. Hata ndani ya Artemisia annua, shina halikuwa nacho, majani ndiyo yaliyokuwa nacho, na yalipaswa kuvunwa kabla mmea haujachanua. Tena majani yaliyonunuliwa Beijing yalikuwa dhaifu, na yale ya mkoa wa Sichuan yalikuwa na kiini kingi zaidi. Jina moja, sura moja, dukani rafu moja, na ndani tofauti kubwa.

Hapo ndipo maabara inapoingia na vipimo vya namna mbili.

Kipimo cha kwanza ni cha kemia. Wengi wamewahi kuona karatasi yenye wino ikilowa: maji yanapanda, na wino mweusi unajitenga kuwa buluu, zambarau na kahawia, kila rangi ikisimama mahali pake. Maabara hufanya jambo la aina hiyo kwa dondoo la mmea. Kila kemikali husafiri kwa mwendo wake, na mwishoni hupatikana mistari au vilele vinavyoonyesha kilichomo na kiasi chake. Ukiweka Artemisia annua na ndugu zake pamoja, mistari mingi inalingana, maana hao ni ndugu kweli na wana mafuta ya harufu yanayokaribiana. Kwenye nafasi ya artemisinini, annua huonyesha alama nzito, na ndugu zake ama hawaonyeshi kitu ama huonyesha kivuli tu.

Kipimo cha pili ni cha vinasaba, yaani DNA, maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe hai. Si lazima kusoma maandishi yote. Wanasayansi wa China walichagua kipande kifupi kiitwacho ITS2, ambacho hutofautiana kidogo kutoka aina moja hadi nyingine. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya kukijaribu kwa sampuli zaidi ya 6,600 za mimea ya dawa ya aina 4,800, nacho kikatambua aina sahihi kwa asilimia 92.7. Uzuri wake ni kwamba hufanya kazi hata kwa jani lililokaushwa na kusagwa, ambalo jicho la mzee wa mitishamba mwenye uzoefu wa miaka 50 haliwezi tena kulitambua.

Lakini kipimo hicho ni kama namba ya usajili wa gari. Inasema gari ni lipi. Haisemi tangi lina mafuta kiasi gani.

Na hili la tangi ndilo lililowashughulisha watafiti kwa miaka mingi. Artemisinini hutengenezwa katika vinyweleo vidogo vyenye tezi vilivyo juu ya jani. Ndani yake vimeng'enya hupokezana kazi kama mafundi kwenye jengo, kila kimoja kikimkabidhi mwenzake kitu kilichofika nusu. Katikati ya safari kuna njia panda. Kikiwapo kwa wingi kimeng'enya kiitwacho DBR2, kazi huelekezwa upande wa artemisinini, na hatua ya mwisho kabisa humalizwa na mwanga na hewa, bila kimeng'enya chochote. DBR2 ikiwa dhaifu, malighafi huenda upande wa pili na kuwa kitu kingine kiitwacho arteanuini B, ambacho ni ndugu wa artemisinini kwa umbo lakini si dawa hiyo. Tofauti kati ya mmea wenye DBR2 nyingi na wenye DBR2 chache imeonekana katika sehemu ya jeni inayoamua jeni hiyo isome kwa sauti ya juu au ya chini. Kwa hiyo mimea miwili, yote Artemisia annua halali, yote yenye ITS2 ileile, inaweza kuwa na artemisinini chini ya asilimia 0.1 ya uzito wa majani makavu, au zaidi ya asilimia 1. Ni tofauti ya mara kumi na zaidi.

Mwaka 2018 wanasayansi wa China walichapisha maandishi yote ya urithi ya Artemisia annua. Yana herufi zipatazo bilioni 1.74 na jeni 63,226. Binadamu ana jeni kama 20,000. Mmea hauwezi kukimbia adui wala kumpiga kofi, hivyo hujilinda kwa kutengeneza kemikali, na hilo linahitaji mafundi wengi.

Mfano mwingine, mfupi, unaonyesha upande mbaya zaidi wa kuchanganya ndugu. Kusini mwa China, hasa Guangxi, hulimwa kiungo chenye umbo la nyota ya ncha nane, Illicium verum, kinachotiwa kwenye mchuzi na chai, na kutumiwa pia kama dawa ya tumbo. Ndugu yake wa Japani, Illicium anisatum, huzaa nyota inayofanana nayo mno, hasa ikikauka na kuvunjika. Ndugu hao wawili wana asidi iitwayo shikimiki, ileile inayotumiwa kiwandani kutengeneza dawa ya mafua makali, oseltamivir. Asidi hiyo ilipewa jina kutokana na jina la mti wa Japani, shikimi. Ila nyota ya Japani ina na anisatini, sumu inayoshika mishipa ya fahamu na kuleta degedege. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu wapatao 40, kati yao watoto wachanga wapatao 15, kuugua kwa kunywa chai ya nyota hizo. Mama aliyemchemshia mtoto wake mwenye msokoto wa tumbo hakukosea kipimo wala kichocheo. Alipewa ndugu.

Wakazi wa pwani na bara wana jozi yao ya namna hii: mwarobaini na mmelia. Yote ni ya ukoo mmoja, yana matunda ya njano ya kushabihiana, na wengi huyaita jina moja. Tunda la mmelia ni sumu. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, vijani vikipangwa kwenye mstari mmoja wa kati, na la mmelia limegawanyika mara mbili. Hiyo ni njia ya bei nafuu kuliko maabara.

Turudi sasa kwenye pakiti ya sokoni.

Kenya iliamua mwaka 2004 kuifanya AL kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali, na ikaanza kugawanywa vituoni mwaka 2006. Herufi A ni artemetha, inayotengenezwa kutoka artemisinini, na L ni lumefantrini, dawa ya pili inayobaki mwilini muda mrefu zaidi. Zimeunganishwa makusudi. Ya kwanza huua vimelea vingi kwa haraka lakini huisha mwilini baada ya saa chache, ya pili hufagia vilivyobaki. Mgonjwa hupewa vipimo sita kwa siku tatu, akimeza pamoja na chakula, na bora chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana bila hivyo lumefantrini nyingi hupita bure.

Artemisia annua imewahi kulimwa nchini kwa ajili ya dawa hiyo, na Athi River kulikuwa na kiwanda cha kutoa kiini. Lakini katika nyanda za juu za Kenya kuna pia pakanga ya hapahapa, Artemisia afra, inayoota yenyewe kwenye miinuko. Wazee wameitumia kwa kifua, mafua na minyoo tangu zamani, na matumizi hayo yana heshima yake. Kwa artemisinini, vipimo vingi havikuona kitu ndani yake, na vilivyoona viliona chembe tu. Ikikaushwa, jina "artemisia" lililoandikwa kwenye pakiti ni la kweli kwa zote mbili.

Hata pakiti ikiwa na annua halisi, iliyo bora, bado kuna hesabu ya kikombe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watu wazima walipewa lita moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani. Chai hiyo ilikuwa na miligramu kama 94 za artemisinini, ambazo ni asilimia 19 tu ya kipimo cha siku kilichokuwa kikipendekezwa. Mgonjwa anaweza kupata nafuu, homa ikashuka, akarudi shambani, na vimelea vikabaki damuni vikingoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano au mama mjamzito, siku hizo mbili tatu za nafuu ya uongo ndizo zinazoua.

Kuna jirani pia wa kufikiriwa. Vimelea vinavyokutana na dawa kidogo kisha vikapona hujifunza kuistahimili. Vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayovisaidia kustahimili artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda na Uganda. Hii ndiyo sababu moja iliyolifanya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, kutounga mkono matumizi ya majani ya Artemisia, yawe ya chai, unga au vidonge vya majani, kutibu wala kuzuia malaria. Uamuzi huo umewaudhi baadhi ya watu wanaoona kwamba mmea umenyang'anywa wenyewe na viwanda. Hoja ya bei ina uzito, kwa kuwa dawa ya duka haimfikii kila mtu. Lakini bei haibadilishi kilichomo kwenye kikombe, na hakuna anayeweza kukijua kwa kukionja. Uchungu si kipimo. Artemisia afra ni chungu vilevile.

Wakulima wanaouliza mbegu wanastahili neno pia. Mbegu za annua ni ndogo mno, gramu moja ina zaidi ya elfu kumi. Mmea huchavushwa na upepo, na haujichavushi wenyewe. Maana yake, mkulima aliyeanza na mbegu bora kisha akaweka akiba ya msimu wa pili atavuna watoto waliochanganyika, wengine wakiwa na kiini kingi na wengine karibu tupu, wote wakiwa warefu na kijani shambani. Bila mnunuzi aliyeahidi kwa maandishi na bila maabara ya kupima kila shehena, zao hilo ni bahati nasibu.

Mwenye homa, au mwenye mtoto mwenye homa, amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake au aende zahanati apimwe malaria siku hiyohiyo, kabla ya kumeza chochote. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu na hutoa jibu kwa muda wa kama dakika 15 hadi 20. Aliyekwisha kunywa majani aseme bila aibu, na akiweza abebe pakiti.

Na mwenye mmea asioujua, ambao ungependa kujulikana, akate tawi lenye majani na maua, alilaze katikati ya kurasa za gazeti, aweke kitu kizito juu yake na abadilishe gazeti kila siku hadi likauke. Aandike pembeni mahali ulipoota, tarehe, urefu wa mmea na rangi ya maua yakiwa mabichi. Tawi la namna hiyo laweza kutambuliwa na wataalamu wa Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi. Majani yaliyosagwa hayawafai. Wanahitaji maua.